Umeme na Kanda ya Kiomboi

Mwanvua Hussein hana adabu kwa marehemu. Afadhali lisemwe mapema, anayetaka kukasirika akasirike sasa, tuendelee na mambo mengine. Kutwa nzima amekaa na hedifoni masikioni, anasikiliza watu waliokwisha kuzikwa wakikohoa, wakicheka, wakiagiza bia katikati ya wimbo, naye anawajibu. Kuna bwana mmoja wa Manyoni, kafariki mwaka wa tisini na mbili, ambaye kwenye kanda moja ya dansi anaongea mwanzo hadi mwisho habari za ng'ombe wake aliyepotea. Mwanvua humwambia, "Funga bakuli," kisha humshusha sauti kwenye kompyuta, na gitaa lililokuwa limejificha nyuma ya yule ng'ombe linatokeza. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaipenda kuliko anavyowapenda watu wengi walio hai.

Zamani bendi zilipopita huku kwetu hakuna aliyekuja na mitambo ya kurekodia. Alikuwepo mshabiki mmoja tu mwenye redio kaseti, ameipakata kama mtoto mchanga, kabonyeza vitufe viwili kwa mpigo, basi. Kilichoingia kwenye kanda ni muziki uliokwisha kupita kwenye makalio ya watu wote waliosimama mbele yake. Kanda hizo sasa zinamfikia Mwanvua kutoka Itigi, Mungaa na kwingineko, zimeota ukungu, nyingine zimetafunwa na mashine. Anazifungua, anafuta kwa pamba na spiriti, anazungusha kwa kalamu, anaziingiza kwenye kompyuta. Halafu anaanza kuchuja na kumiksi upya: besi anaivuta juu, mwimbaji anamsogeza mbele, na walevi anawarudisha nyuma ukumbini walikostahili kukaa tangu mwanzo. Ana masharti yake pia. Kubwa kuliko yote ni kwamba mwendo wa muziki hauchezewi. Maharusi wamemwomba awaongezee kasi, washereheshaji wamembembeleza, wote kawaambia waende kwa wachawi.

Kibanda chake ni nusu ya duka la marehemu baba yao, Mzee Hussein, nyuma ya soko kuu la Singida. Nusu nyingine dada yake Radhia anauza vitenge. Katikati hakuna ukuta, kuna kabati tu, kwa hiyo Radhia anasikia kila kitu na ana maoni juu ya kila kitu.

Sasa, mtu akikwambia ni wa Singida na hamjui Umeme, huyo kaja jana. Umeme ni Mzee Damiani wa Mwankoko, aliyepiga gitaa la solo katika Alizeti Jazz. Jina la jazz lilikuwa la kujazia tu, bendi ilipiga dansi. Lakini Damiani kijana alikuwa amesikia roki kwenye redio ya masafa mafupi, ikamwingia, na tangu hapo gitaa lake likawa linatoroka. Wenzake wanapiga dansi, yeye yuko kwao huko na suruali yake ya bugaluu na nywele kama kichaka, analiliza gitaa kama limebanwa na mlango. Jumapili moja ya mwaka 1981, kwenye bugi, yaani dansi la mchana, huko Kiomboi, alipiga solo ya dakika saba. Anselm, msaidizi wa hospitali aliyempenda Damiani kuliko alivyompenda mkewe, aliirekodi. Kanda ikanakiliwa, na nakala zikanakiliwa, mpaka ikawa hakuna duka la redio hapa mjini lisiloipiga.

Na ilikuwa ya ajabu, tusimnyime mtu haki yake. Solo inaanza kwa heshima, halafu inaongeza kasi, inaongeza tena, hadi vidole vinakuwa havihesabiki. Vijana wa leo waliojifunza gitaa kwenye mtandao wameijaribu, wakaishia kuweka gitaa chini na kwenda kunywa chai. Mzee Hussein alikuwa akiipiga hapa dukani kila Jumamosi, na Mwanvua alikua akiamini kwamba binadamu wa kawaida hawezi vile, ila Singida tunaye mmoja.

Kitu ambacho hakuna aliyekielewa ni kwamba Umeme mwenyewe aliacha muziki mwaka 1983. Akiwa na miaka ishirini na tisa, mzima wa afya, akalitia gitaa chini ya kitanda, akaenda kulima vitunguu. Wengine walisema kaokoka. Wengine wakasema karogwa na mpiga gitaa wa bendi fulani ya Dodoma. Yeye akiulizwa husema alichoka, kisha anaangalia pembeni mpaka muulizaji anaona aibu na kuondoka.

Basi Jumatatu moja akaingia kibandani. Mwanvua akavua hedifoni akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akatoa kwenye mfuko wa nailoni kanda moja kuukuu, yenye mwandiko wa kalamu uliofifia: Kiomboi. Hii haikuwa nakala. Ilikuwa ndiyo mama wa nakala zote. Anselm alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mjane wake katika kusafisha nyumba aliikuta ndani ya soksi. Redio moja ya hapa mjini ilitaka kuipiga Jumamosi asubuhi kwenye kipindi cha muziki wa zamani, na Damiani mwenyewe awepo studio. Lakini hicho sicho kilichomleta. Alikaa kwenye kigoda, akashika magoti, akasema anataka ile kanda isafishwe hadi kila noti isikike peke yake.

"Nataka nijue vidole vyangu vilikuwa wapi," akasema. "Kabla sijafa nijue nilifanyaje."

Mwanvua alidhani ni maringo ya kizee. Akauliza, kwani yeye si ndiye aliyepiga? Ndipo mzee akafunguka, taratibu, huku akiangalia vitenge vya Radhia badala ya kuangalia watu. Alisema aliisikia nakala kwa mara ya kwanza wiki tatu baada ya lile bugi. Alifurahi, akachukua gitaa aifuatishe. Hakuiweza. Kwanza sauti ya gitaa lenyewe ilikuwa chini ya ile ya kwenye kanda, akadhani siku ile alikuwa amekaza nyuzi zaidi, naye akazikaza, zikakatika. Nyuzi zilikuwa hazipatikani miaka ile, akaweka waya wa breki ya baiskeli, nao ukamchana shavu. Mwaka mzima na nusu alijifungia ndani akijifukuza. Na kila walikoenda kupiga, watu walitaka yule wa kwenye kanda, wanamsikiliza yeye halafu wanatazamana.

"Yule mtu alinijia siku moja pale Kiomboi, akaondoka," akasema. "Nilimsubiri, hakurudi. Nikaona nisiwe namwigiza."

 Mwanvua alimwonea huruma mpaka akachukia. Akamwambia arudi Alhamisi.

Kazi ilianza kwa kumtoa Anselm. Marehemu huyo, Mungu amrehemu, alikuwa ametafuna karanga mwanzo hadi mwisho wa dansi, na mdomo wake ulikuwa karibu na redio kuliko bendi. Mwanvua alimchomoa punje kwa punje, akimtukana. Mwanvua alimjua Anselm vizuri, alikuwa rafiki wa baba, na kila alipokuja mjini alipitia hapa dukani kunywa kahawa na kuzungumza kwa sauti yake nzito ya kutikisa vioo. Ndiyo maana alishtuka kidogo alipofika kwenye ile solo. Pale katikati Anselm anafoka, "Pisheni bwana, hapa kuna kazi ya serikali!" Na sauti ilikuwa nyembamba kama ya bibi harusi.

Hilo la sauti nyembamba lilikuwa linajulikana siku zote. Mji mzima ulikuwa na maelezo yake. Walisema wasichana ndio waliosogea mbele kwenye solo, kwa hiyo makelele yote ni ya wasichana. Lakini Anselm si msichana. Mwanvua akarudisha nyuma, akasikiliza makofi, akaona hata makofi yana haraka. Na karibu na mwisho kuna kengele ya kanisa inalia kwa nje, nayo inalia kama ya baiskeli.

Akampigia simu Yustina, mteja wake wa Kiomboi anayekaanga mihogo karibu na kanisa lile lile. Akamuuliza kama kengele ni ile ile ya zamani. Yustina akasema kengele ndiyo hiyo hiyo tangu bibi yake yupo hai, ina ufa kabisa, kwani imefanya nini? Jioni ile akairekodi kwa simu akamtumia. Mwanvua akaziweka kengele mbili kwenye kompyuta, ya simu na ya kanda, moja juu ya nyingine. Ya kanda ilikuwa juu zaidi kwa karibu moja ya tano. Akaivuta ya kanda taratibu, chini, chini, mpaka zikalingana, ufa wenyewe ukasikika. Kisha akarudi mwanzo wa solo akaivuta hatua kwa hatua, palipokimbia zaidi akavuta zaidi, akaacha muziki uende.

Anselm akarudi kuwa mwanamume. Makofi yakawa ya watu. Na Umeme akawa mtu anayepiga gitaa vizuri. Vizuri sana, usicheze. Lakini vidole vilihesabika. Mwanvua akavihesabu.

 Sababu alikwisha kuijua, fundi yeyote wa kanda anaijua. Betri zikiwa zimechoka, redio inazungusha kanda polepole wakati wa kurekodi, na ukija kuipiga kwa betri nzima kila kitu kinakimbia. Na kadiri betri zinavyozidi kufa ndivyo muziki unavyozidi kukimbia. Ule moto wote uliokuwa ukipanda ndani ya dakika saba ulikuwa ni betri zinazokata roho. Alichotaka kujua sasa ni mpumbavu gani alirekodi dansi kwa betri kama zile. Nakala zote za mjini zinaanza na wimbo wa kwanza, lakini kanda mama ilikuwa na dakika mbili za gumzo kabla bendi haijaanza, ambazo Mwanvua alikuwa amezirukia. Akazirudia. Alipozisikia akavua hedifoni akaziweka mezani kwa adabu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Radhia alitoka nyuma ya kabati akataka aambiwe. Alipoambiwa akasema neno lisitoke humu ndani. Ukiacha kuku na alizeti, mji huu una kitu gani cha kujivunia? Mwanvua anataka kukitia maji kwa sababu ya kengele? Mzee ana sabini na moja, apelekwe redioni na Umeme wake, apigiwe makofi, alale salama. Mwanvua akajibu kwamba angekubali kama mzee angekuja kuomba makofi. Kaja kuuliza vidole vilikuwa wapi. Radhia akamwita kichwa maji. Wakanuniana siku nzima, na wateja wa vitenge walihudumiwa kwa ishara.

Alhamisi Damiani alikuja amevaa shati la kanisani. Mwanvua alikuwa amepanga maneno, yote yakapotea, akaamua kanda iseme yenyewe. Akambonyezea zile dakika mbili za mwanzo.

Kwanza watu wanapangana, viti vinaburuzwa. Kisha Anselm analalamika kwamba betri zake zinakufa, madukani hakuna, tangu mwezi uliopita watu wanapanga foleni za sabuni, sembuse betri. Kisha inakuja sauti ya kijana, karibu kabisa, imejaa kujiamini.

"Tumia hizi za tochi yangu. Nimezianika juu ya bati tangu asubuhi. Nimezing'ata na meno pia. Zina moto huo!"

Mzee akainua kichwa. Akaijua. Kila mtu wa umri wake amewahi kuanika betri juani na kuzing'ata zitoe nguvu ya mwisho, na kila mtu anajua nguvu hiyo inadumu kiasi gani. Mwanvua hakumwachia nafasi ya kuuliza. Akamwekea kengele mbili, akamweleza, akamwekea solo kwa mwendo wake wa kweli, dakika zake zote, ambazo sasa zilikuwa zaidi ya nane.

Damiani alisikiliza akiwa amefumba macho. Baada ya muda vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kusogea juu ya goti, vyenyewe. Vilisogea mpaka mwisho, na havikukosea hata pahali pamoja. Muziki ulipoisha vikabaki vimesimama pale vilipofika.

"Hii nilikuwa naiweza," akasema. "Siku yoyote. Mwaka ule wote nilikuwa naiweza."

Akaanza kumlaani Anselm. Alimlaani kwa Kiswahili, akahamia Kinyaturu ambako kuna nafasi zaidi, halafu akakumbuka betri zilikuwa za nani, laana zikamwishia. Iliuma, na uso wake haukuficha. Miaka arobaini na miwili ya vitunguu kwa ajili ya betri nne za tochi yake mwenyewe. Radhia alimletea chai akaiweka mbele yake, naye hakuigusa.

Mwanvua akamwambia ana faili mbili tayari. Moja kaiandika "Kiomboi, mwendo wa betri", nyingine "Kiomboi, mwendo sahihi". Redioni achukue anayotaka, yeye hatafungua mdomo, na wa Radhia atamshona. Mzee akachukua flashi yenye faili zote mbili, akaondoka.

Jumamosi dada hao wawili walikaa mbele ya redio kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Ikaja solo. Sekunde kumi za mwanzo Radhia alishika kifua, maana ilikuwa ni ile sahihi. Haijafika nusu simu za wasikilizaji zikaanza kumiminika. Mmoja kutoka Ikungi alisema kanda imeharibiwa. Mwingine alisema anamjua mwanamke aliyeisafisha, ni wa nyuma ya soko, na tangu lini mambo ya magitaa yakapewa mwanamke. Mwanvua alimtaja mama wa huyo bwana kwa namna ambayo hatutaiandika. Mtangazaji akamgeukia mgeni wake kwa upole, akamuuliza mbona Umeme leo yuko polepole.

"Huyo ndiye mimi," Damiani akasema. "Yule mwingine ni betri."

Akaeleza yote, mpaka kuzing'ata. Studio nzima ilicheka, naye alicheka nao, lakini Mwanvua anayejua kusikiliza alisikia kwamba alianza kucheka akiwa amechelewa kidogo. Alikosa raha siku ile yote. Hata marehemu hakuwatukana.

Jumatatu mzee akarudi, na gitaa. Lilikuwa limefungwa kwenye shuka, limetiwa nyuzi mpya, na lilinuka chini ya kitanda. Hakusubiri hata shikamoo imalizike. Alisema usiku kucha amejaribu kufuatana na ile sahihi, kichwani iko yote, lakini vidole vimezoea jembe, vinafika noti imekwisha kuondoka. Alisema hayo bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza hitilafu ya pampu.

"Ile ya betri nilimfukuza mtu ambaye hayupo," akasema. "Huyu wa sasa yupo. Nipunguzie, mwanangu. Mpunguze mpaka nimpate."

Radhia akachungulia kutoka nyuma ya kabati aone sharti kubwa la dada yake litafanywaje. Mwanvua hakumtazama. Akapunguza mwendo kidogo, kwa ile programu isiyofanya sauti iwe nzito. Damiani akapiga mistari miwili, akaachwa. Akasema, "Tena." Mwanvua akapunguza. Mzee akaachwa kwenye kona ya dakika ya tatu, akatukana kwa Kinyaturu, akasema, "Tena." Mteja wa kitenge aliingia, akakuta mzee wa shati la kanisani anatoka jasho juu ya kigoda, akakaa juu ya majora kutazama.

Mara ya sita walianza pamoja. Muziki ulikuwa unatembea sasa, hauna haraka na mtu. Anselm, aliyesahaulika kwenye sehemu moja, alitafuna karanga yake kama ng'ombe anayecheua. Dakika zikapita, mzee hakuachwa. Alikosea mara mbili, na yule kijana wa kwenye kanda naye alikosea mara moja, mahali ambapo mwendo wa betri ulikuwa umemficha miaka yote, na Damiani akaguna kwa furaha mbaya kabisa. Kengele ya Kiomboi ikalia, ufa wake ukisikika wote, na baada yake zikabaki noti tisa. Wakazimaliza sawia, noti kwa noti, mpaka Mwanvua hakuweza kutofautisha ni ya nani iliyokuwa ikififia mwishoni.

Damiani akaweka kiganja juu ya nyuzi. Alikuwa analia, wala hakujifuta. Mwanvua, ambaye hana adabu, aligeukia kompyuta ili asimtazame, akahifadhi faili ya tatu, akafikiri aiandike nini. Kisha akaandika: "Kiomboi, mwendo wa Mzee."